Saa nne usiku Arusha, nina mama mkwe na mtoto: tule wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Mwezi wa saba tunakuja Arusha kwenye nikahi ya mdogo wake mume wangu. Basi letu linaondoka Mbezi saa sita mchana, na wametuambia tutafika kati ya saa nne na saa tano usiku. Nitakuwa na mama mkwe, ana miaka 70 na anasumbuliwa na vidonda vya tumbo, pamoja na mwanangu wa miaka sita. Gesti tuliyochukua, karibu na stendi, haina chakula. Safari iliyopita tulifika mji tusioujua usiku hivi hivi, tukaingia mahali penye taa nyingi na watu wengi, mtoto akatapika hadi alfajiri. Hatutafuti hoteli ya kitalii, tunataka mahali pa kawaida tu. Sisi ni Waislamu. Nitapajuaje mahali pazuri, na mama nimwagizie nini? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kuongeza ukoo.

Nianze na mtoto aliyetapika, maana humo ndimo lilimo karibu jibu lako lote. Hukusema alikula nini usiku ule. Kama ni kubahatisha, mimi nasema wali au pilau, na nasema kilikuwa cha vuguvugu. Nimefanya kazi ya bwana afya huku kaskazini kwa miaka mingi, nikiingia jikoni kwa watu bila kupiga hodi, na siku hizi nawafundisha mama lishe. Kisa cha namna hiyo nimekisikia mpaka nimekizoea.

Mchele huja kutoka shambani na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, navyo hujifungia kama mbegu ngumu ambazo moto wa kupikia wali hauziui. Wali ukiiva ukaachwa kwenye sufuria upoe polepole, zile mbegu zinaamka, vijidudu vinazaana na vinatema sumu. Sumu hiyo ndiyo inayotapisha, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Ubaya wake, ukiupasha wali upya vijidudu vinakufa lakini sumu inabaki pale pale. Ndiyo maana "tumeshaupasha moto mama, usiwe na wasiwasi" ni maneno ambayo hayanitoi wasiwasi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachomsubiri mlaji kibaki juu ya nyuzi joto 60. Kipimajoto huna, lakini macho unayo: chakula cha joto hilo kinafuka mvuke, na ukikitia kidole utakitoa mwenyewe bila kuambiwa.

Mimi mwenyewe, na ubwana afya wangu wote, niliwahi kunaswa. Nilifika Moshi usiku nikitokea Same kikazi, njaa imenishika, nikaingia mahali ambapo sitapataja nikaagiza pilau. Ikaja imepambwa kwa kachumbari na kipande cha ndizi mbivu, nzuri ya kupiga picha. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha moto, cha pili kilikuwa baridi. Nikajua. Nikaendelea kula. Saa nane usiku nilikuwa nimekumbatia ndoo ya gesti, na asubuhi yake nilitakiwa kuendesha semina ya usafi wa chakula. Niliiendesha nimekaa.

Kwa hiyo mkishuka kwenye basi usianze kwa kutafuta mgahawa. Tafuta moto unaowaka, kisha uliza nini kinaingia kwenye moto huo sasa hivi. Mgahawa unaosifiwa mchana, ikifika saa nne usiku ni mahali pengine kabisa: mpishi ameshavua aproni kaenda kuwahi daladala ya mwisho, amebaki kijana wa kupasha na kusafisha. Halafu kuna kijiwe ambacho mchana hukioni, kwa sababu ni baraza la duka la nguo au la vipuri, na saa hizo ndiyo kwanza mkaa wake umekolea, wateja wamejipanga, nyama haikai hata dakika kumi. Watu wengi na taa nyingi havikuambii kitu kama watu wale wamekuja kunywa bia na kutazama mpira. Watu wengi wanaokula ndio dalili, na hata hapo tazama wanakula nini.

Sasa twende kwenye sahani, tuanze na ya mtoto, kwani najua ataomba chipsi.

Kwa chipsi sina ugomvi. Ila ukifika kwenye kibanda, simama dakika mbili kabla hujaagiza. Mbele yako kutakuwa na karai la mafuta, ndoo ya viazi vilivyomenywa, trei la mayai, na lile kabati la vioo lenye taa ya njano ndani, wamelala vidari na mapaja ya kuku. Angalia karai. Mafuta mazima yana rangi ya chai ya rangi. Yaliyochoka ni meusi kama kahawa, povu lake halitulii hata viazi vikitolewa, na moshi wake unakukereketa koo ukiwa bado uko barabarani. Kisha sikiliza. Viazi vikitumbukizwa kwenye mafuta yaliyopata moto vinalia kwa kelele. Vikinong'ona tu, chipsi zitayanywa mafuta na tumbo la mtoto litakuja kuuliza. Wauzaji wengi huzikaanga nusu tangu jioni, wateja wakija wanazimalizia. Hilo ni sawa.

Kuku wa kwenye kabati ndiye ninayemwogopa. Ngozi iliyonyauka, inayong'aa kama imepakwa nta, ni ya tangu magharibi. Ukiuliza utaambiwa "namtia moto sasa hivi dada," naye atamtumbukiza kwenye mafuta muda wa kusema bismillahi mara tatu. Ngozi itababuka, lakini karibu na mfupa atabaki wa vuguvugu. Mwache alale kwenye kabati lake. Mwagizie mtoto zege. Mayai yanavunjwa mbele ya macho yako, yanapigwa, yanamwagwa juu ya chipsi zinazofuka moshi, na hakuna mlango wa kiporo kuingilia. Mwambie tu aigeuze mpaka yai liwe kavu, asikupe la kuteleza. Kachumbari kataa: imekatwa alasiri, kwa kisu hujui kilikata nini kabla, ikaoshwa kwa maji hujui yametoka wapi. Ile chupa ya tomato inayojazwa na kujazwa tena, nayo kataa. Mtoto atanuna. Mpe soda iliyofungwa.

Mishkaki ni chakula kizuri cha usiku, kwa sababu vipande ni vidogo na moto unafika ndani haraka. Hapo sitazami nyama, namtazama mchomaji. Kama koleo linaloshika nyama mbichi ndilo linalokuwekea iliyoiva kwenye sahani, au gogo la kukatia ni lile lile kwa zote mbili, basi damu ya mbichi inarudi kwenye iliyoiva na kazi yote ya moto imepotea. Mchomaji mwenye adabu ana visu viwili, au walau utamwona akisuuza kwa maji ya moto. Wapo, tena wengi kuliko watu wanavyodhani.

Mama sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwani najua mtu yeyote wa Arusha au Moshi utakayemwambia "nina mzee ana vidonda vya tumbo" atakujibu neno moja: mtori. Na mtori kweli ni dawa ya njaa ya mzee. Ndizi zilizochemshwa na kupondwa kwenye mchuzi wa nyama, laini, hauna pilipili, hautaki meno. Uchagani wanawapa wazazi waliotoka kujifungua, sembuse mama mkwe. Lakini mtori ni chakula cha asubuhi, mwanangu. Jikoni huku supu na mtori vinatengwa motoni usiku wa manane au alfajiri, vinauzwa na chapati mpaka saa nne au saa tano asubuhi. Mtori utakaoletewa saa nne usiku una uwezekano mkubwa umekaa kutwa nzima, na uji mzito wa ndizi na mchuzi wa nyama ni nyumba ambayo vijidudu wasingejijengea nzuri zaidi. Wako wanaopika mtori wa jioni, siwakatai. Uliza hivi: "Huu umeinjikwa saa ngapi?" Anayejua atakujibu palepale. Anayesema "ni fresh kabisa" bila kutaja saa, mshukuru umwache. Asubuhi ya pili ndiyo ya mtori. Mpeleke mama saa moja, aunywe unaunguza.

Usiku huo mwagizie mchemsho. Kuku au mbuzi, anachemshwa pamoja na ndizi au viazi, karoti, hoho na kitunguu, hakuna mafuta wala kukaanga. Mwambie mhudumu kwa maneno haya haya: usiweke pilipili, usiweke ndimu, vileteni pembeni. Watakuletea bakuli linafuka, mama atakunywa mchuzi na kula ndizi mbili, na wewe utamsaidia nyama. Uzuri wa mchemsho ni kwamba sehemu nyingi unapikwa ukishaagizwa. Ubaya ni huo huo: kuku wa kisasa anataka nusu saa na zaidi, wa kienyeji hata saa nzima na robo. Mzee mwenye vidonda, aliyekaa kwenye basi saa kumi, huwezi kumweka kwenye kiti cha plastiki saa nzima kwenye baridi ya Julai.

Na baridi ni jambo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mlima Meru uko juu ya vichwa vyenu, na mwezi wa saba watu wa Temeke hushuka kwenye basi wakidhani wamekosea nchi. Chakula kikiletwa nje barazani kinapoa kabla hujamaliza kunawa. Kaeni ndani. Mama awe na khanga mbili za ziada na soksi.

Dawa ya kusubiri ni simu. Basi lenu litapita Moshi kabla ya Arusha, na kutoka pale zimebaki kama kilomita 80. Kwa mwendo wa basi, vituo na foleni, hesabu saa moja na nusu au mbili. Mkipita Moshi bado ni mapema. Mkifika Boma Ng'ombe, pigeni simu. Ongea na jikoni, usiridhike na kaunta. Sema: tuko watatu, tunakuja saa fulani, tunaomba mchemsho wa kuku mmoja mdogo bila pilipili. Uliza mambo mawili tu. La kwanza, jiko linafungwa saa ngapi? Angalia, sijasema mgahawa unafungwa saa ngapi. Baa inaweza kuwa wazi mpaka usiku wa manane na jiko likawa limezimwa tangu saa tatu, na yule wa kaunta atakuambia "tupo, karibuni" kwa moyo mweupe kabisa. La pili, kuku ameshapikwa au mtampika? Ukisikia wanaulizana kwa sauti nyuma ya simu, hiyo ni dalili njema, ina maana mtu amekwenda kuangalia. Mkifika Usa River zimebaki kama kilomita 20, piga tena uwaambie mnaingia.

Namba ya simu utaipata wapi? Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanafungua ramani ya simu, wanaona nyota nne na nusu, wanakwenda. Nyota nyingi za Arusha zimetolewa na watalii waliokula mchana kabla ya kwenda Serengeti, hazikuhusu wewe wa saa nne usiku, na saa za kufunga zilizoandikwa pale mara nyingi ni za mwaka juzi. Dereva wa bajaji naye msaada, ila ujue kuna sehemu zinampa chochote kwa kila mteja anayempeleka. Ukimwambia "nipeleke pazuri" umemwachia aamue kwa mfuko wake. Muulize, "Wewe jana usiku ulikula wapi?" Swali hilo halina kamisheni.

Ninayemwamini kuliko wote ni mlinzi wa usiku wa gesti. Mshahara wake mdogo, anakula hapo jirani kila siku ya Mungu, hawezi kumudu kuumwa tumbo akiwa lindoni, na hakuna anayempa kitu. Gesti mliyochukua ipigie siku moja kabla, saa za usiku, omba kuongea na mlinzi. Watashangaa. Waache washangae. Wengine wanaojua ni wanaofanya kazi za zamu: manesi, madereva wa malori, askari. Mahali wanapokula watu wa zamu chakula hakikai, na mpishi akiwaumiza leo, kesho wanamfuata. Nikiwa Moshi usiku natazama upande wa Hospitali ya KCMC wanakokula manesi; Arusha unaweza kuuliza wanaotoka zamu Hospitali ya Mount Meru.

Kuhusu halali, fahamu kwamba kiti moto, yaani nyama ya nguruwe, huku kinapendwa sana, na sehemu nyingi za kuchoma zinachoma mbuzi, kuku na nguruwe. Anayekujibu "mbuzi wetu amechinjwa na Muislamu" anaweza kuwa anasema kweli tupu, na mbuzi huyo akachomwa kwenye wavu uliotoka kuchoma kiti moto sasa hivi. Uliza wavu ni mmoja au miwili, na mafuta ya kukaangia ni yale yale? Hawatakasirika, wamezoea kuulizwa. Kwa familia yenu, tena usiku, njia nyepesi ni kubaki katikati ya mji kwenye mitaa ya Waislamu, ambako swali lenyewe halipo. Mtaa wa Msikiti kuna lile baraza ambalo mchana ni duka la vipuri vya magari na jioni majiko yanatolewa nje, kuku na mishkaki vinachomwa. Wenyeji na wageni wanalijua kwa jina la Khan's. Nalitaja kwa sababu ni mfano mzuri wa ninachosema, moto uko nje unauona kwa macho yako. Lakini saa nne ni saa nne: piga simu kwanza, kwani majiko ya barazani nayo yana saa ya kuzimwa.

Watakaowapokea watataka kuwapeleka Kwa Mrombo kula nyama choma. Nendeni, lakini kesho yake, au baada ya nikahi. Ni nje ya katikati ya mji, kuna mwendo, na nyama choma nzuri haina haraka. Njiro nako kuna sehemu tulivu zenye maegesho na viti vya kueleweka, ila kutoka stendi kwenda na kurudi na mzee aliyechoka, mimi nisingefanya hivyo usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza mnakula mahali mnapoweza kurudi kulala ndani ya dakika kumi.

Kwa kuwa nimetaja nyama choma, neno moja. Unachagua nyama kwenye bucha la hapo hapo, inapimwa mbichi, inakwenda motoni. Kilo moja mbichi haiwezi kurudi kilo. Maji na mafuta yanayodondoka kwenye mkaa yanaweza kuchukua robo, hata theluthi ya uzito wake. Watu wengi wameshagombana na wachomaji bure kwa hilo. Wizi wenyewe unafanyika kwingine: umechagua paja bichi, unaletewa paja lililochomwa saa kumi na mbili jioni likarudishwa motoni kubabuliwa. Utalitambua kwa wakati. Mguu wa mbuzi uliokuja mezani baada ya dakika kumi na tano haukuwa mbichi ulipokuwa unauchagua. Omba ikatwe mbele yako. Nyama iliyochomwa sasa hivi inatoa maji ya moto kisu kikipita, iliyorudiwa inakatika kavu kama gamba.

Mkifika mahali, kabla ya kuagiza mpeleke mtoto msalani, hata kama hataki. Huu ni ujanja wa kikazi. Nikiwa na dakika moja tu ya kukagua mgahawa, sikuwa naanzia jikoni ambako walishanisikia nakuja na kufuta meza. Naanzia chooni na kwenye sinki la kunawia. Maji yapo? Sabuni ipo, au ni kile kichupa kilichochanganywa maji mpaka hakitoi povu? Wapishi wanatumia choo hicho hicho na sinki hilo hilo. Kama wewe mteja umekosa pa kunawa, aliyekukatia nyama amenawa wapi? Ukikuta ndoo yenye bomba, maji tele na kipande cha sabuni ya mche, hapo pananitosha kuliko vigae. Leseni zilizotundikwa ukutani ni vizuri ziwepo, lakini hazikuambii chochote kuhusu sufuria ya leo.

Angalieni na siku. Kama mnaingia jioni ya mechi kubwa, kila penye runinga patajaa, muziki utakuwa juu, na mhudumu atakuwa anakimbiza bia. Oda ya mchemsho wa bibi itakaa nusu saa bila kufika jikoni. Siku hiyo nunueni na mkalie chumbani. Bebeni hotpoti yenu kutoka nyumbani, ya bakuli mbili. Chakula kikiingia humo cha moto kitafika gesti cha moto, na mama atakula amekaa kitandani amefunikwa blanketi, jambo ambalo nadhani atalipenda kuliko mgahawa wowote nitakaoutaja.

Tena, asifike Arusha na njaa ya kutwa. Mabasi husimama Korogwe. Ale chochote chepesi hapo, mkate na chai ya maziwa isiyo na tangawizi, dawa zake azinywe kwa saa alizopangiwa na daktari, ili usiku mchuzi na ndizi mbili zimtoshe. Mwenye vidonda akila sana saa tano kisha akalala chali, usiku wake ni mrefu. Akae walau saa moja kabla ya kulala. Mtakuwa na hadithi za harusi za kumweka macho.

Pesa ni jambo fupi. Uliza bei kabla hamjakaa, na uliza bei ya nyama kama ni pamoja na ndizi na kuchoma. Wengi wanapokea kwa simu, lakini mtandao unaweza kugoma saa hiyo na wakala wamefunga, basi uwe na noti ndogondogo. Ukitoa msimbazi, ile noti ya elfu kumi, kwa zege moja utaambiwa chenji hakuna. Juisi za kwenye jagi muziache, maji yawe ya chupa na kifuniko ukifungue mwenyewe. Mtoto akitapika tena pamoja na haya yote, mpe maji ya chumvi-sukari (ORS), ile ya pakiti ya duka la dawa, kidogo kidogo. Asipoweza kukaa na hata kijiko, akilegea, akipitisha saa nyingi bila kukojoa au ukiona damu, usingoje kupambazuke. Dereva yeyote wa bajaji anaijua njia ya Mount Meru.

Tipu hakuna anayekudai. Lakini yule mlinzi akikuelekeza vizuri, ukirudi mfungie naye zege. Mwulize kwanza kama anataka pilipili.